Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Mama Paskalia

Wanawake wengine huharibu posa zao kwa ulimi, wengine kwa macho yasiyotulia. Mimi Bernadina niliharibu yangu kwa kidole kimoja, saa nne asubuhi, kitambulisho cha halmashauri kikining'inia shingoni. Wala sikuwa na hasira na mtu. Laiti ningekuwa na hasira siku ile, pengine ningeshtuka mapema.

Kazi yangu ni kupima umaskini. Cheo chenyewe kina maneno mengi zaidi ya hayo, lakini nenda kijiji chochote upande wetu wa Kahama uulize, watakwambia: yule dada wa kaya maskini. Ndiye mimi ninayepita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, nauliza mnakula mara ngapi kwa siku, mnalala wangapi chumba kimoja, paa ni la bati au la nyasi, mna mifugo gani. Majibu nayaingiza, mashine inajumlisha yenyewe, na baada ya siku chache orodha inabandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Hawa wanaendelea kupata ruzuku, hawa wametoka.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nikirudi chumbani kwangu Nyahanga nalia mpaka mwenye nyumba anakuja kunigongea. Mwaka wa tatu nikawa nalia mara mojamoja. Huu ni wa sita. Siku hizi bibi wa watu anaweza kunishika miguu akinisihi nisimwondoe, nami nikamwuliza swali linalofuata. Sijisifu. Nasema tu ili ujue ni mwanamke wa namna gani aliyekuwa akiposwa. Nilikuwa nimekufa ganzi, na ganzi haiumi, ndiyo ubaya wake.

Mtu pekee aliyekuwa akinifanya nisikie kitu moyoni ni Stanslaus. Ni fundi wa karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, kwenye machimbo madogo upande wa Bugarama. Nilikutana naye miaka miwili iliyopita, alipoitwa kutengeneza jenereta la ukumbi tuliokuwa tunafanyia semina. Alikuwa na vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia napima umaskini. Akaweka spana chini, akanitazama taratibu kuanzia viatu hadi kilemba, akasema, "Basi nipime." Nikacheka mbele ya wakubwa zangu, mimi ambaye kazini watu walishasahau nina meno.

Ana kasoro mbili na zote nilizipenda. Kelele za karasha zimemharibu masikio, kwa hiyo ukitaka kumwambia neno la siri lazima uvute sikio lake au uite majirani wote washuhudie. Na pikipiki yake ni ya kuombewa: ikizimwa haiwaki tena mpaka watu wawili waisukume. Ndiyo maana akipita mahali kwa haraka huiacha inanguruma. Akiizima, ujue amekuja kukaa. Kwangu aliizima kila Jumapili kwa mwaka mzima, na kila Jumapili jioni mimi na mtoto wa mwenye nyumba tulisukuma.

Alinipeleka kwa mama yake mara mbili. Kwenye daftari anaitwa Apolonia, lakini kijijini kwao Mwangholo kila mtu humwita Mama Paskalia, kwa jina la binti yake mkubwa. Ni mjane, analea wajukuu wawili alioachiwa na mwanawe wa kati aliyefariki, na alikuwa kwenye orodha ya kaya maskini tangu kabla sijaajiriwa. Alinipenda bila maneno mengi. Aliyenikataa ni Magesa, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mwenye usemi katika mambo ya ukoo. Magesa alisema mwanamke mwenye mshahara wake hana haja ya mume, ana haja ya mlinzi wa geti.

Kilichomnyamazisha ni harusi ya Paskalia. Mwezi wa tano binti aliolewa Geita, na kwa mahari yake wakaja ng'ombe kumi na mmoja. Kwao ng'ombe wa binti hawachinjwi wala hawauzwi ovyo. Wanasubiri kumwolea kaka yake mke. Wanapita tu zizini, wamekuja na harusi moja na wataondoka na nyingine. Basi wazee wakakaa, wakamtuma mshenga kwa baba yangu, mzee Theonest, kule Ushirombo, wakapatana: ng'ombe wote kumi na mmoja, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baba alianza kujenga zizi kabla mshenga hajafika hata kwao.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo ukaja uhakiki.

Mwangholo haikuwa zamu yangu. Ilikuwa ya mwenzangu Pantaleo, lakini alianguka na bodaboda akateguka mguu, na mkuu wetu, dada Euphrasia, akanipa mimi kijiji chake. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba kule ni kwa wakwe zangu, atumwe mwingine. Sheria niliijua. Mwaka juzi kijana mmoja alifukuzwa kazi kwa kuhakiki kaya ya shangazi yake na kunyamaza. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini kulisema kulitaka barua, na maelezo, na maswali ya ofisi nzima juu ya mchumba wangu, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikajiambia nyumba ni nyumba. Nikatia kishikwambi mkobani.

Ukitaka kujua kwamba leo ni siku ya uhakiki, tazama mazizi. Mwangholo nzima haikuwa na ng'ombe. Samadi ilikuwa mbichi, bado inafuka, lakini mazizi yalikuwa matupu, mifugo imeteremshwa bondeni tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kitongoji niliyefuatana naye alikuwa akitazama miti kila nilipouliza. Nami kanuni yangu ni moja, andika unachokiona. Nikaandika sifuri nyumba ya kwanza, sifuri ya pili, sifuri mpaka ya kumi na nne.

Nyumba ya kumi na tano ilikuwa ya Mama Paskalia. Ng'ombe walikuwa zizini, wote, wanaota jua.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipokea mkoba, akamwambia mwenyekiti apumzike kivulini. Kisha akanishika mkono na kunipeleka zizini kabla sijawasha chochote. Alinionyesha mmoja mmoja. Yule mweusi mwenye tumbo jeupe ana mimba. Yule wa pembe zilizopinda ni mkorofi, nimwambie baba asimfunge pamoja na wenzake. Alikuwa amevaa kanga mpya na amejifunga kilemba cha kanisani.

"Hawa si wangu, mwanangu," alisema. "Ni wako."

Hebu nieleze jambo hili sawasawa. Hiyo sentensi, hawa si wangu, nimeisikia kwa mamia ya watu. Si wangu, nimetunzishwa. Si wangu, ni wa shemeji yuko Mwanza. Masikio yangu yaliisikia nusu ya kwanza na kuacha nusu ya pili, kidole kikaenda chenyewe. Ng'ombe: 11. Nilikuwa nimeshaandika kabla hajamaliza kunionyesha wa mwisho.

Tukakaa, nikamwuliza mengine. Alinijibu yote akitabasamu, kama mtu anayemsaidia mtoto wake kazi ya shule. Mwisho kabisa kuna swali ambalo hatumsomei mwenye kaya, ni letu sisi: je, mhakiki ana uhusiano wowote na kaya hii? Kwa miaka sita, kwa maelfu ya nyumba, jibu langu lilikuwa moja. Nikabonyeza Hapana. Mtandao ulikuwepo, fomu ikaenda.

Alitoka ndani na mfuko wa michembe, viazi vitamu vyake alivyovikausha mwenyewe. Nikamwambia haturuhusiwi kupokea kitu kwenye nyumba tunazohakiki. Akauliza tangu lini mtoto akakatazwa kula kwao. Nikasema ni kanuni, Mama. Alinitazama kidogo, kisha akaurudisha mfuko ndani taratibu. Nikaenda nyumba ya kumi na sita.

Orodha ilibandikwa siku ya nane. Wenye mazizi matupu walibaki wote. Mama Paskalia alitoka.

Jumapili mchana Stanslaus akaja Nyahanga. Nilikuwa uani nafua. Nilisikia pikipiki inasimama getini, nikasubiri izime. Haikuzima.

Alipita getini bila hodi. Nilimtazama akija, yale mabega niliyoyazoea, shati jeupe la kanisani, na juu ya nyusi lile vumbi ambalo halitoki hata kwa sabuni. Siku nyingine angeniambia nimenenepa, au angenirushia povu. Siku hiyo aliinama akachukua shuka nililokuwa nakamua, akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukakamua pamoja kama tulivyozoea. Tulikamua mpaka maji yakaisha.

"Ng'ombe uliwaona," alisema.

"Niliwaona."

Akanieleza jambo nisilolijua. Kijiji kilikuwa kimeshatangaziwa jina langu tangu jana yake. Siku ile ya uhakiki, kabla hakujapambazuka, Magesa alikwenda na fimbo kuwateremsha ng'ombe bondeni, kama wanavyofanya wenzao. Mama yake akasimama mlangoni mwa zizi akakataa. Magesa akamwuliza kama amerukwa na akili.

"Unajua alimjibu nini? Alisema, anayekuja ni mkwe wangu. Nimfiche ng'ombe zake mwenyewe?"

Nikavuta sikio lake karibu, nikamweleza kanuni. Kwamba nimewaona kwa macho yangu. Kwamba sikuweza kuandika sifuri mbele ya ng'ombe kumi na mmoja, hata wangekuwa wa nani. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, kwa sauti ile ile ninayowaelezea watu waliotoka kwenye orodha. Niliisikia mwenyewe.

"Sijakwambia uandike sifuri," alisema. "Mimi nasaga mawe, Bernadina. Jiwe ni jiwe. Ng'ombe walikuwepo, umeandika walikuwepo, na mama amelimeza hilo kuliko mimi. Anasema umelelewa vizuri."

"Sasa umekasirikia nini?"

Alitandaza shuka kwenye kamba, akalinyoosha kona moja, akalinyoosha nyingine. Getini pikipiki ilikuwa inanguruma.

"Hiyo mashine yenu," alisema. "Hakuna mahali inapouliza kama unatufahamu?"

"Mahali papo."

"Ikakuuliza?"

"Iliniuliza."

"Ukaijibu nini?"

Ningeweza kumdanganya. Haoni yale majibu, hakuna mwananchi anayeyaona. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na macho yake sikuwahi kuyaongopea hata siku moja.

"Nilibonyeza Hapana."

Aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zima, kwa hiyo nikalazimika kusema tena, kwa nguvu. Nilibonyeza Hapana. Mwenye nyumba alitokeza kichwa dirishani, akakirudisha.

"Ulifikiri kidogo kwanza?" aliuliza Stanslaus.

"Sikufikiri."

"Ungefikiri, ukaona kazi yako, ukaogopa, ningekuelewa. Mtu huogopa. Lakini hukufikiri hata kidogo. Ulitutupa kama unavyofukuza nzi."

Hapo ndipo mwanamke hulia. Mimi mwenyewe nilikuwa nayasubiri machozi, niliyahitaji, yangenisaidia. Nilimwona jinsi alivyokuwa anayasubiri na yeye. Akasema, "Sema kitu, Berna." Nikaikuta akili yangu inatafuta swali linalofuata. Akaokota vibanio vya nguo vilivyoanguka chini, akaviweka mkononi mwangu kimoja kimoja, akaondoka. Haikumchukua muda, pikipiki ilikuwa tayari inawaka.

Siku ya Jumatano Magesa alimtuma mshenga Ushirombo na maneno mafupi. Ng'ombe wa mahari huhesabiwa na wazee wa pande mbili siku ya kukabidhiana. Bibi harusi akiwahesabu mwenyewe, tena akawahesabia serikali, hiyo si mahari tena, ni ushuru. Ng'ombe hawatoki. Baba alinipigia simu jioni. Hakunigombeza. Aliniambia zizi limekwisha, geti amelifunga juzi, akaniuliza kama alibomoe au aliache. Nikamwambia aliache tu, siku akikosa kuni atalibomoa.

Kwa hiyo mambo yakakaa hivi. Mama Paskalia alikuwa ametolewa kwenye orodha kwa sababu ya ng'ombe waliotakiwa kuondoka wiki ile, na kwa sababu alitolewa, hawakuondoka. Hawezi kuwauza, si wake. Ruzuku hana. Mwanawe hana mke. Yote hayo ni kwa kidole changu, na kwenye fomu nzima ile hakukuwa na uongo ila jibu moja tu, lile la mwisho.

Jumamosi ya mahari ilipita. Nilipika, nikala, nikafua tena mashuka yale yale yaliyokuwa safi. Usiku nikalala vizuri, ndilo lililoniogopesha. Mwanamke aliyeachwa anapaswa kukosa usingizi. Nilimpenda mtu yule, nalisema wazi, nilimpenda kuliko nilivyowahi kupenda kiumbe, na bado moyo wangu ulikuwa umekaa kimya kama ofisi siku ya sikukuu.

Jumatatu ilikuwa siku ya rufaa. Waliotoka kwenye orodha wana siku kumi na nne za kulalamika, na huja halmashauri, hukaa kwenye benchi la ukutani, na huitwa mmoja mmoja mezani. Meza yangu iko karibu na dirisha la barabarani. Ya dada Euphrasia iko hatua tatu kutoka kwangu, na hakuna kisemwacho kwangu asikisikie. Nilimaliza na namba saba, mzee mmoja, akaondoka. Niliita namba nane.

Namba nane alikuwa Mama Paskalia. Alikuwa amevaa kilemba kile kile, na kwapani alikuwa na mfuko.

Nje ya dirisha, ng'ambo ya mtaro, Stanslaus alikuwa amekaa juu ya pikipiki. Mguu mmoja chini, injini inawaka, uso ameuelekeza barabarani. Alimleta mama yake, basi.

Nikamwamkia mama, akaitikia. Nikamwonyesha kiti. Mikono yangu ilivuta fomu, ikaandika tarehe, ikaandika jina lake, Apolonia, na kijiji. Rufaa bado tunaziandika kwenye karatasi.

"Sababu ya rufaa, Mama?"

"Andika, ng'ombe si zake."

Niliandika. Mstari unaofuata unauliza mali ni ya nani, na lazima uulizwe. Nilimwuliza.

"Unajua ni za nani," alisema.

Waliokuwa wanapepea karatasi za namba wakaacha kupepea. Nilisikia kiti cha dada Euphrasia kinalia.

Mama Paskalia akauweka mfuko mezani, akaegemea mbele, akaniambia mambo yake kwa sauti ya chini. Magesa alisema ng'ombe hawatoki. Yeye akamwita nyumbani, akamkalisha, akamwuliza Paskalia alizaliwa na nani. Magesa akasema, na wewe. Akamwambia basi ng'ombe zimekuja kwa tumbo langu, na zitatoka Jumamosi hii kwenda Ushirombo, na asiyetaka kuziona zikipita afumbe macho. Magesa aliondoka bila kuaga, lakini fimbo yake aliiacha, na mama akaichukua kuwa ndiyo ruhusa.

"Ila nimemwambia na neno moja zaidi," alisema. "Nimemwambia zitatoka kama huyo mkwe bado yupo. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Ruzuku ikirudi, wabeja, nitashukuru, wajukuu watapata madaftari. Lakini sikuja kwa ruzuku. Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nini, Mama?"

Alinitazama. Ana macho ya mwanawe, au mwanawe ana macho yake, hayana haraka.

"Stanslaus ameniambia mashine ilikuuliza kama unatufahamu," alisema. "Sasa nakuuliza mimi."

Chini kabisa ya fomu ya rufaa kuna mstari ambao nimeujaza mara nyingi mpaka mkono unaujaza ukiwa safarini kwenda fomu nyingine. Uhusiano wa mpokeaji na mwombaji. Kalamu yangu ilikuwa tayari imeshuka pale. Tayari ilikuwa imeanza herufi ya kwanza ya neno Hakuna, mguu mmoja wa H, umesimama peke yake.

Nikauona. Nikainua mkono.

Nilijua gharama. Nikiandika ukweli hapa, mtu atafungua ile fomu ya Mwangholo na kuukuta uongo, saa nne na dakika kadhaa, na jina langu. Nilimkumbuka yule kijana wa shangazi, alivyobeba kiti chake na sufuria ya chai kutoka ofisini. Miaka sita. Chumba changu Nyahanga ni cha mshahara huo huo. Na dada Euphrasia alikuwa amesimama nyuma yangu, nilihisi manukato yake.

Umewahi kukalia mguu kanisani mpaka ukafa ganzi, halafu ukasimama? Hauumi ukiwa umekufa. Huuma damu inaporudi. Ndivyo nilivyokuwa mimi pale mezani. Kwanza vidole, kisha mkono, kisha kifua kizima, nikaanza kusikia kila kitu kwa mara moja. Nilimsikia yule bibi aliyenishika miguu mwezi wa tatu. Nilisikia vibanio vya nguo vikiwekwa mkononi mwangu kimoja kimoja. Niliona mfuko ule wa michembe ukirudishwa ndani, na mgongo wa mama aliyevaa kanga mpya kwa ajili yangu. Chozi likaanguka kwenye karatasi ya serikali, nikaliacha.

Nikaukata ule mguu wa H kwa mstari mmoja. Mbele yake nikaandika maneno mawili.

Mama Paskalia hajui kusoma. Aliinama akautazama wino, ulikuwa haujakauka.

"Umeandika nini hapo?"

"Nimeandika, mama mkwe," nilisema.

Hakucheka wala hakulia. Aliusogeza mfuko wa michembe mpaka ukagusa mkono wangu, nami nikaufungua nikatia kipande kimoja mdomoni, mbele ya benchi zima na mkuu wangu wa kazi, nikakitafuna pamoja na machozi yangu. Kilikuwa kitamu. Dada Euphrasia alinyoosha mkono akaichukua ile fomu, akaisoma, akaisoma tena. Akaniambia, bila ukali, kwamba kabla ya saa sita niwe nimemwandikia maelezo ya Mwangholo, na rufaa hii itashughulikiwa na mtu mwingine, na asingependa kuniahidi jambo lolote. Nikamwambia sawa, dada. Akasema namba tisa ahamie mezani kwake.

Mama Paskalia hakuondoka. Aligeuka akatazama dirishani, ambako mwanawe alikuwa bado anatazama barabara.

"Soma tena," aliniambia.

"Mama?"

"Soma tena, kwa nguvu. Yule masikio yake yameliwa na karasha, na lile dude linapiga kelele."

Nikamwomba dada Euphrasia karatasi, akanipa. Nikasimama. Nikaiinua mbele ya dirisha na kuyasoma yale maneno mawili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia ndani ya ofisi ile, mpaka muuza matunda wa ng'ambo akageuka.

Stanslaus akageuza uso. Alinitazama kwa muda mrefu, mimi na karatasi yangu, na mama yake nyuma yangu. Kisha akashusha mkono, akazima pikipiki.